Una fani mkononi ila hujasomea uchungaji: unaweza kwenda misheni nje? Maseremala, mafundi umeme, washonaji, wapiga picha, wanamuziki tukutane hapa

Randa_na_Patasi

Bwana Yesu asifiwe wana jukwaa. Uzi huu nauanzisha kwa sababu swali lenyewe nimelizungusha kichwani muda mrefu na kila ninayemuuliza ananipa jibu la nusu. Mimi ni seremala, ndio kazi inayonilisha, na pembeni nachonga na kuchora chora. Ndani kuna msukumo wa kwenda kutumika nje ya nchi, na naomba nieleweke, sio kwenda kutafuta maisha, ni kutumika. Sasa nikienda kwa mchungaji naambiwa nikasome theolojia kwanza, nikiwafuata wanaotuma watu napewa fomu yenye vipengele vya mwalimu wa Biblia, mpanda makanisa, daktari na nesi, halafu mwisho kabisa kuna "mengineyo". Mimi ndo mengineyo.

Nikifungua Kutoka 31 nakuta Mungu anamwita mtu kwa jina lake na kusema amemjaza Roho wake, na huyo mtu si kuhani wala nabii, ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe na mbao. Tena sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu wametiwa moyoni wawafundishe na wengine. Hiyo ya kufundisha naona watu wanairuka sana.

Maswali yangu: mtu wa mikono akienda misheni anaenda kama nani hasa? Ufundi wake ni huduma, au ni chambo tu cha kuwavuta watu waje kusikia mahubiri ya mwenzake? Na anaanzia wapi? Walioenda naomba waseme ukweli hata kama unauma, sitaki ya kupakana mafuta.

Kinyozi wa Mtaa

Nimekaa siti ya mbele, ngoja wajuzi waje.

Cherehani_Moja

Kaka Randa shalom. Umeanzia sura ya 31, mimi nakurudisha nyuma hadi 28:3, kule Mungu anasema kuhusu waliotakiwa kumshonea Haruni mavazi kwamba amewajaza roho ya hekima. Kwa hiyo mafundi nguo tulikuwepo kabla ya nyie wa mbao, nyamaza 😂

Ila kwa umakini sasa. Soma habari ya Dorkasi kule Yafa, Matendo 9. Amekufa, Petro ameitwa, wajane wamesimama wanalia na kumuonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Luka hajaandika hata neno moja alilohubiri huyu mama, hatuambiwi alikuwa na kipindi cha mafundisho wala nini, lakini anaitwa mwanafunzi, na amefufuliwa. Mimi nimeshiriki huduma ya kufundisha ushonaji wanawake nje ya nchi na niseme kitu kimoja: pale kwenye cherehani watu wanaongea. Mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye kitambaa, mtu anakuambia mambo ambayo akikaa kwenye kiti mbele yako na Biblia yako hawezi kukuambia hata umpe mwaka mzima, maana hakuna anayemkodolea macho, na hata akinyamaza katikati ya stori haionekani vibaya kwa sababu kuna kipande kinatakiwa kigeuzwe. Nimesikia habari za ndoa, za vita, za watoto waliopotea, zote zikianzia kwenye upindo wa sketi.

Kwa hiyo la chambo mimi nalikataa. Chambo kinaliwa halafu kuna ndoano ndani. Yule mwanamke akijua kukata na kushona ameshafaidika, awe amemkubali Yesu au hajamkubali.

Mlinzi_wa_Zamu

Wapendwa nawaheshimu ila tusidanganyane. Warumi 10:17, imani chanzo chake ni kusikia. Kabati halimhubiri mtu. Sketi haimhubiri mtu. Nimewaona watu wanakaa miaka kwenye nchi ya watu wanajenga, wanachimba, wanafundisha kompyuta, na ukiuliza nani amelisikia jina la Yesu kutoka kinywani mwao hupati jibu. Hiyo ni kazi ya maendeleo, ni nzuri, ila isiitwe umisheni.

Chukueni mfano wa Castiglione, yule mchoraji Mwitaliano wa Wajesuiti (shirika la kitawa la Kikatoliki) aliyefika China mwaka 1715. Mtu alienda kwa ajili ya injili, akaishia ikulu anachora farasi na maua kwa wafalme watatu mfululizo, Kangxi, Yongzheng na Qianlong, mpaka anafariki 1766. Nusu karne! Na kipindi hicho hicho Ukristo ulikuwa unabanwa. Sasa hapo nani alimtumia nani?

Msomaji_wa_Kale

Mlinzi umegusa mtu mzuri ila hujammaliza. Huyo huyo Castiglione ndiye aliyepiga magoti mbele ya Qianlong mwaka 1736 akiwaombea Wakristo waliokuwa wanasumbuliwa, na mfalme akamsikiliza, angalau kwa wakati ule. Wahubiri wa kawaida hata geti la ikulu hawalisogelei, mchoraji yupo ndani kila siku na rangi zake. Sisemi kwamba ndo mpango bora, nakubali kwamba mfalme alimfaidi kuliko kanisa, ila mlango aliupata kwa brashi.

Naomba niweke mifano mingine maana watu wanaongea kana kwamba mambo ya ufundi kwenye misheni yameanza jana.

Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, 1732. Watu wao wa kwanza kabisa kutumwa nje walikuwa wawili, Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala, wakaenda kisiwa cha St. Thomas kule Karibi kwa watumwa. Hakuna mwenye digrii hapo. Sasa Randa sikia hii kwa makini: Nitschmann alipata kazi ya useremala na ikawalisha wote wawili, Dober udongo wa kule haukufaa kufinyangia, ufundi wake ukakwama. Fundi ni yule yule, mikono ni ile ile, ila malighafi imemkataa. Ukienda mahali jua kwanza kuna mbao gani, zinakauka vipi, mchwa wa kule wana tabia gani.

William Carey tunamjua, fundi viatu Mwingereza aliyefika India 1793. Lakini kazi yao ya kuchapa Biblia pale Serampore, India, ilisimama kwa sababu ya mtu wa uchapaji, William Ward, na wengi hawamtaji kabisa Panchanan Karmakar, Mhindi, fundi wa kuchonga herufi za chuma. Bila yeye na mkwe wake Manohar aliyeendeleza kazi, zile Biblia za lugha za India zingechapwa kwa herufi gani? Fundi aliyekuwa anahitajika zaidi alikuwa ameshazaliwa pale pale. Na kiwanda kilipoungua Machi 1812, karatasi na miswada ikateketea, walirudi kazini haraka kwa sababu mikono ya kutengeneza herufi upya ilikuwepo jirani.

Misheni ya Basel, ya Uswisi, kule Mangalore, India, nao. Waongofu walikuwa wanatengwa na jamii zao na kukosa riziki, ndo misheni ikaanzisha ufumaji na baadaye kiwanda cha vigae vya udongo mwaka 1865. Vigae vyao vilisambaa mbali sana. Kasoro yake pia iliongelewa, kwamba kanisa na mwajiri wakawa kitu kimoja, ukitaka kazi unajua pa kubatizwa. Vita vya Kwanza vilipokuja serikali ya Uingereza ikavichukua vile viwanda kwa sababu ya uhusiano na Wajerumani.

Kinyozi wa Mtaa

Hii ya mfinyanzi kukosa udongo imeniacha hoi

Nimerudi_Juzi

Nimeona niingie maana hapa kuna kitu hamjakigusa na ndio kinachoumiza watu huko nje. Viza.

Nchi nyingi ambazo watu wanasema "zina uhitaji" hazitoi viza ya mmisionari. Kwa hiyo watu wanaingia kwa viza ya kazi, ya biashara, ya mwanafunzi. Hapo kuna watu wa aina mbili. Wa kwanza anaandika kwenye fomu yeye ni mwalimu wa ufundi, anafika kweli anafundisha ufundi, saa mbili yupo karakana, wanafunzi wanafaulu, kodi analipa, na akiulizwa imani yake anaisema. Wa pili ameandika ana kampuni ya ushauri, kampuni haina mteja, haina mapato, ofisi ina meza na kalenda, jamaa yupo mtaani anagawa vitabu. Majirani sio wajinga. Mtu mzima anayeshinda nyumbani, hana kazi inayoonekana, ila kodi ya nyumba analipa na anaulizia sana habari za watu, unafikiri watamuwazia nini? Kwamba ni jasusi. Na akikamatwa anaondoka na jina la kila mwenye ufundi aliyekuja kihalali, na wanaobaki kuhojiwa ni waumini wenyeji ambao hawana pasipoti ya pili.

Kwa hiyo Randa swali lako la "naenda kama nani" jibu ni kwamba unaenda kama seremala. Kamili. Usiende kama mmisionari aliyejificha nyuma ya randa. Ukiona aibu kusema hadharani "mimi ni seremala" bila kuongezea "ila hasa hasa...", bado.

Pili, hizi timu za wiki mbili. Nilisafiri na timu moja, sitaitaja, ilienda kupaka rangi darasa na kujenga ukuta. Vijana wa pale wamekaa chini ya mti wanatuangalia, wapo wenye uzoefu wa kujenga kuliko yeyote kwenye timu, na nauli zetu zingewalipa wao wakajenga shule. Nikamuuliza kiongozi wa pale kanisani kwa nini hamkutuambia, akajibu kwa upole tu: nyie hamkuuliza mnahitajika kwa lipi, mlitutumia barua kutuambia mnakuja na rangi.

Randa_na_Patasi

Hiyo ya rangi inauma. Mkuu Nimerudi, sasa ningejuaje kama nahitajika?

Nimerudi_Juzi

Unauliza kanisa la kule, sio ofisi ya huku. Na usiulize "mnahitaji seremala?" maana mgeni akiuliza hivyo watu wa heshima watasema ndio, kukataa msaada ni ukosefu wa adabu. Uliza wana mafundi gani tayari, vijana wanajifunzia wapi, kitu gani kimeharibika na hakitengenezeki, na kwa nini hakitengenezeki. Hilo swali la mwisho lina utajiri. Utakuta pampu ya maji ya mkono imekaa haifanyi kazi, na tatizo sio pampu, ni kipete kidogo cha mpira (washer) kimeisha na aliyeifunga pampu alileta aina ambayo spea zake hazipatikani nchi nzima. Hapo hawahitaji mtu wa kuja kufunga pampu mpya. Wanahitaji mtu atakayekaa na watu wao wawili watatu mpaka waweze kuifungua na kuifunga bila yeye, na atakayekubali kutumia aina ya pampu inayouzwa kwao hata kama anaidharau.

Seremala vile vile. Ukifika ukatengeneza viti vya kanisa zima kwa mkono wako, umemnyima tenda fundi wa pale mwenye familia. Ukifika ukakaa naye karakana mkavitengeneza pamoja, yeye ameshika tenda, wewe umemuonyesha kiungo ambacho hakijui na yeye amekuonyesha mbao ambazo huzijui, hapo mmekuwa marafiki, na urafiki una maongezi ndani yake.

Mlinzi_wa_Zamu

Nimerudi naomba nikubaliane na wewe kwenye viza, uongo ni uongo hata ukiufanya kwa ajili ya injili. Lakini bado kuna shimo. Huo urafiki wenye maongezi mnaousema, maongezi yanakuja lini? Mtu anachoka karakana, jioni amelala, lugha hajajifunza kwa sababu kazi za mikono unaweza kuzifanya kwa kunyooshea vidole. Miaka mitatu imepita anajua kusema msumari, nyundo, lete, shika. Utamwelezea mtu neema kwa maneno manne?

Hata Alexander Mackay, yule mhandisi Mskoti aliyefika Buganda (Uganda ya leo) 1878, ambaye nyie watu wa ufundi mnampenda. Alikuwa anatengeneza kila kitu, alipewa mpaka kazi ya majeneza ya mama yake Kabaka (mfalme) Mutesa. Ikulu iliupenda ufundi wake, ila iliutaka kwa ajili ya mambo yake, bunduki zikiwemo, sio kwa ajili ya injili.

Msomaji_wa_Kale

Hoja ya lugha ni ya dhahabu na naiunga mkono, ukienda kwa ufundi lugha isiwe nyongeza. Ila Mackay ndo mfano unaokugeuka. Huyo aliijua lugha, na mashine alizofungua akazifunga zilikuwa pamoja na ile ya kuchapia. Alikuwa anachonga herufi mwenyewe akachapa sehemu za Injili kwa Kiganda, na vijana wa ikulu walikuwa wanakuja kusoma pale pale karakana. Wakati Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, anawatesa Wakristo miaka ya 1885 na 1886, baadhi ya wale wasomaji waliuawa na kanisa halikufa, maana kusoma walikuwa wameshajifunza. Yeye mwenyewe alikufa 1890 bila kurudi kwao. Kwa mtu kama huyo utachora wapi mstari kwamba hapa ufundi umeishia na injili imeanzia hapa?

Cherehani_Moja

Mlinzi kuhusu lugha naongezea: darasa la ushonaji ndo darasa langu la lugha lilikuwa. Unajifunza vitenzi haraka sana, kata, geuza, fumua, rudia, na wanafunzi wanakucheka ukikosea, na mwalimu anayechekwa na wanafunzi wake anapata rafiki kuliko mwalimu anayeogopwa. Ila ni kweli, nilitenga asubuhi kabisa za kukaa na mwalimu wa lugha kabla ya kushika mkasi. Asiyefanya hivyo anaishia kwenye hayo maneno yako manne.

Sauti_ya_Tatu

Habari za humu. Mmejaa mbao na vitambaa, watu wa muziki tumesahaulika kwahiyo naingia na miguu yote.

Kosa kubwa la sisi wanamuziki tukienda nje ni kubeba kinanda na nyimbo zetu, tunatafsiri maneno tunayabandika juu ya tuni ya nyumbani, watu wanaimba kwa adabu tu. Kuna lugha nyingi duniani ambazo toni ya neno ndo inabeba maana, sauti ikipanda ni neno moja ikishuka ni neno lingine kabisa. Sasa ukichukua tuni iliyotungwa kwa lugha isiyo na toni ukaivalisha maneno ya lugha hizo, melodi inapanda pale neno linapotakiwa kushuka, na mstari unaosifu unakuwa unasema kitu kingine au hausemi kitu. Kanisa zima linaimba na hakuna anayeelewa anachoimba mpaka aangalie kitabu. Wenyeji wamevumilia hivyo vizazi na vizazi.

Mtu ninayempenda hapa ni Vida Chenoweth, Mmarekani. Alikuwa mpiga marimba wa majukwaa makubwa, mtu wa konseti kabisa, halafu akajiunga na watafsiri wa Biblia wa Wycliffe akaenda Papua New Guinea kwa Wausarufa. Hakwenda kuwapigia marimba. Alikaa akachambua muziki wao, ngazi zao za sauti, wimbo wao unaanzaje unaishaje, ili nyimbo za kanisa zitungwe na wao wenyewe kwa muziki wao. Yaani mtu ana kipaji cha kujaza ukumbi anaamua kazi yake iwe kusikiliza. Kwa msanii hilo ni gumu kuliko kuhama nchi, niamini.

Na wapo waliokuwa wanatengeneza vyombo pia. Martin Schmid, Mjesuiti wa Uswisi, karne ya 18 kule Chiquitos ambako sasa ni Bolivia, alikuwa anajenga makanisa, anaunda vinanda vya mabomba, anafundisha wenyeji kutengeneza fidla na kuzipiga. Wajesuiti walifukuzwa 1767, watu wakabaki na muziki, miswada waliitunza wenyewe, na yale makanisa yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1990. Tuni zilikuwa za Ulaya, sawa, na kulikuwa na mengi ya kuhoji kwenye utawala ule wa kuwaweka watu vijijini, lakini mikono iliyochonga fidla ilikuwa ya Wachiquitano, ndo maana haikuondoka na padri.

Mama Lenzi

Napita na la picha na vidio, fupi ila lisikilizwe. Nyie mnaosema "mi ni mtu wa kamera nataka kutumika":

Mtoto wa mtu mwenye kamasi na nguo iliyochanika sio mali yako. Mama yake aulizwe, aelezwe picha inaenda wapi na kwa nani, na akikataa mkono ushuke. Jipime hivi, hiyo picha ungekubali mwanao apigwe hivyo hivyo ibandikwe ukumbini kwa wageni kuchangisha hela? Kama hapana, futa. Yule mama naye siku hizi ana simu, posti zenu anaziona.

Halafu usalama. Sehemu ambazo mtu akijulikana ameokoka anapata shida, usipige nyuso, usipige geti la nyumba wanayokutana, wala mlima wa nyuma unaotambulika. Simu inaandika GPS (mahali ulipo) ndani ya picha yenyewe, zima location kabla hujapiga na ondoa zile taarifa kabla hujatuma. Usiandike "tumebatiza leo mji fulani" ukiwa bado upo mji fulani, wala baada ya kuondoka, maana wewe umepanda ndege na wao wapo.

Kazi nzuri zaidi niliyoiona mtu wa vidio akifanya nje ni kuwafundisha vijana wa kule kushuti na kuediti kwa simu tu za kawaida, wakawa wanatengeneza stori zao kwa lugha yao.

Randa_na_Patasi

Mama Lenzi asante sana. Mi nilikuwa naona aibu kuuliza la kuchora maana kwetu kanisani ukisema unachora wanakupa kazi ya kuandika bango la mkutano basi. Kuchora kuna nafasi kweli?

Msomaji_wa_Kale

Lilias Trotter. Mwingereza, mchoraji wa rangi za maji, na John Ruskin ambaye alikuwa mhakiki mkubwa wa sanaa Uingereza enzi hizo alimwambia kwamba akijitoa kabisa kwa sanaa anaweza kuwa mkubwa. Alichagua kutumika. Shirika la misheni likamkataa kwa sababu ya afya, akaenda Algiers kwa gharama zake mwaka 1888 na wenzake wawili, hawajui Kiarabu hata salamu, akakaa huko mpaka kifo chake 1928. Watu wanaipenda hii stori kwa vile aliacha sanaa, ila hakuiacha! Madaftari yake yamejaa michoro, jangwa, maua, nyuso, na akatengeneza vijitabu kwa Kiarabu vya mtindo ambao macho ya watu wa kule yaliuzoea. Kilichobadilika ni kwamba hakuchora tena ili aitwe mkubwa.

Kwa hiyo kwenye zile fomu andika na hilo. Sehemu ambazo watu wengi hawasomi, mchoraji anayejua kuchora mtu wa pale akiwa amekaa kama watu wa pale wanavyokaa, ni mtu adimu sana.

Kinyozi wa Mtaa

Sasa na hela je? Mbona hamuongelei hela. Unajilipa mwenyewe kwa ufundi au unachangiwa?

Mlinzi_wa_Zamu

Hapa nina jibu mtaalipenda. Paulo alishona mahema Korintho na Akila na Prisila, Matendo 18:3, kila mtu anaujua huo mstari. Endelea mpaka wa 5. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo akawa anasongwa na lile neno, na ukiunganisha na 2 Wakorintho 11:9 unaona ndugu wa Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji. Kwa hiyo alikuwa anafanya yote mawili kwa zamu, kazi ikihitajika anashika sindano, mchango ukija anapumua. Mtu asikwambie kuna njia moja tu ya kiroho.

Ila kiutu uzima, kufanya biashara ya kweli nje ya nchi kunakula muda wote, wateja hawajui kama una ibada. Na kuchangiwa kabisa kunakufanya uonekane huna kazi, yale ya Nimerudi. Wengi wanaodumu wana mchanganyiko.

Nimerudi_Juzi

Mlinzi leo umenifurahisha. Kuhusu kuanzia wapi: kuna huduma ambazo bila watu wa mikono hazitembei hata hatua moja. Mercy Ships, walioanza 1978, wana meli za hospitali, watu wanawaza madaktari tu, lakini meli ni mji, inataka mafundi umeme, mabomba, wapishi, maseremala, walimu wa watoto wa wafanyakazi, na jua mapema kwamba anayejitolea anachangia gharama zake za kuishi. OM (Operation Mobilisation) wana meli za vitabu tangu Logos ya 1970, na Logos Hope ni mojawapo, nako injini na jikoni vina watu wengi kuliko mimbari. MAF (Mission Aviation Fellowship) tangu 1945 wanarusha ndege ndogo sehemu zisizo na barabara, na rubani mmoja nyuma yake kuna mafundi wa ndege. Zuri la hizi ni kwamba uzoefu wako unapimwa kwa vyeti na kazi, sio kwa ulivyotoa ushuhuda.

Na kama cheti huna, Randa, kafanye mtihani wa ufundi upate kabla ya kingine chochote. Idara ya uhamiaji haisomi wito, inasoma vyeti.

Randa_na_Patasi

Cheti ninacho cha daraja la pili, nitalifuatilia la juu. Kanisa moja nje tumeshaanza kuwasiliana na nimewauliza yale maswali ya Nimerudi. Wamejibu wana maseremala watatu wazuri, wanachokosa ni mtu wa kufundisha vijana kunoa na kutunza zana, maana misumeno ikiisha makali wananunua mingine. Sikutegemea, nilishaanza kuwaza madhabahu ya kuchonga 😅 Sasa la mwisho: zana nibebe zangu au ninunue kule?

Nimerudi_Juzi

Kunoa! Hilo ndo la kwenda nalo, wala usiwaongezee la kwako.

Zana za mkono beba chache unazozijua mkono wako, patasi, randa moja, mawe ya kunolea, tupa za misumeno. Zote ziende kwenye begi la mzigo, usijaribu kuingia nazo ndani ya ndege, watakunyang'anya patasi ya miaka yote mlangoni. Kwa kufundishia usitumie zako, fundishia misumeno yao na mawe yanayouzwa pale, la sivyo ukiondoka na jiwe lako limeondoka na somo.

Za umeme angalia nchi yenyewe kwanza. Marekani na baadhi ya nchi wanatumia volti 110 mpaka 120 kwa hezi 60, sehemu kubwa ya dunia ni 220 mpaka 240 kwa hezi 50. Adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha umbo la miguu tu, watu wameunguza grinda kwa kutojua hilo. Drili za betri ni afadhali kidogo ila betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye begi la mzigo, zinakaa na wewe ndani, miguu yake imefunikwa. Kikomo cha kawaida ni 100Wh (wati-saa) kwa betri, kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha shirika la ndege. Unazidisha volti kwa Ah (ampea-saa) kupata Wh: ya 18V 5Ah ni 90Wh, inapita. Ya 18V 6Ah ni 108, hiyo omba kibali mapema.

Na andika orodha ya kila zana na namba yake kabla hujatoka, nakala mbili, moja igongwe muhuri na forodha ukitoka. Bila hivyo ukirudi na drili yako mwenyewe unaweza kulipishwa ushuru kama umeinunua juzi.